Dumu Lisilo na Kolesteroli na Mishipa ya Mlaji

Mada hii imeandaliwa kwa ajili ya maofisa lishe na wauguzi wa kliniki za kisukari na shinikizo la damu, kuelekea Siku ya Moyo Duniani inayoadhimishwa kila Septemba 29. Waandaaji waliomba maelezo ya jumla kuhusu kolesteroli. Maelezo hayo yamo, ila kwa ufupi, kwani washiriki wameyajua tangu chuoni.

Kolesteroli, au lehemu, si adui. Mwili huitumia kujenga utando wa seli, homoni, nyongo na vitamini D, na sehemu kubwa yake hutengenezwa na ini. Chembe za LDL huisafirisha kwenye damu kuipeleka mwilini. HDL huirudisha kwenye ini. LDL ikizidi kwa miaka mingi, mafuta hujijenga ndani ya kuta za ateri. Tabaka hilo likipasuka, damu huganda juu yake na mshipa wa moyo huziba. Mara nyingi mwenye tatizo hahisi chochote hadi siku hiyo. Kipimo cha damu ndicho huliona mapema.

Michael Brown na Joseph Goldstein wa Marekani walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1985 kwa kugundua vipokezi vinavyoinasa LDL na kuiondoa kwenye damu. Kuna watu wanaorithi upungufu wa vipokezi hivyo; hao wanahitaji dawa, hata wakila vizuri namna gani. Kwa wengine, mafuta yaliyoshiba, yale yanayoganda kwa urahisi, hupunguza kazi ya vipokezi vya ini, na LDL hubaki ikizunguka. Ndiyo maana kwa walio wengi mafuta hayo hupandisha lehemu ya damu kuliko lehemu iliyomo kwenye chakula chenyewe.

Hapo ndipo penye tatizo ambalo mtoa mada amepambana nalo kwa miaka.

Katika maduka ya mtaani si ajabu kukuta dumu la lita 20 la mafuta ya mawese yaliyosafishwa, limechorwa moyo mwekundu na kuandikwa kwamba hayana kolesteroli. Maneno hayo ni kweli. Mafuta ya mimea hayana kolesteroli ya kuhesabika, yawe ya mawese, ya nazi au ya alizeti. Lakini karibu nusu ya mafuta ya mawese ni mafuta yaliyoshiba. Ya nazi yanapita asilimia 80. Alizeti, ile inayolimwa Singida na Dodoma, ina takriban asilimia 10. Mafuta matatu yaliyo tofauti kabisa kwa moyo yanaweza kubeba sifa ileile moja.

Shirika la Afya Duniani linashauri mafuta yaliyoshiba yasizidi asilimia 10 ya nishati ya siku. Kwa anayekula kilokalori 2,000, hiyo ni kama gramu 22. Vijiko vitatu vya mezani vya mafuta ya mawese vina karibu gramu 20. Vijiko vitatu! Maandazi ya asubuhi, mchuzi wa mchana na chipsi za jioni huvimaliza mapema.

Codex Alimentarius, chombo cha viwango vya chakula cha FAO na WHO, hakikuliacha jambo hili wazi. Miongozo yake inataka chakula cha maji kinachodaiwa hakina kolesteroli kiwe pia na chini ya gramu 0.75 za mafuta yaliyoshiba kwa kila mililita 100. Mawese hayawezi kufikia kipimo hicho. Hata alizeti haiwezi.

Matokeo yake yanaonekana kliniki. Mgonjwa aliyeambiwa lehemu imepanda huanza kutupa kiini cha yai, kisha ule ute anaukaanga kwa mafuta ya mawese yaliyochotwa kwenye dumu lenye moyo mwekundu. Ametii ushauri nusu, na nusu aliyoiacha ndiyo nzito zaidi.

Mnunuzi wa kipato kidogo yuko pabaya zaidi. Yeye hununua mafuta ya kupima: muuzaji anachota kwenye dumu, anamimina kwenye kichupa, na lebo inabaki dukani. Akiwa Njombe au Makambako mwezi Julai, mafuta yakaganda kwa baridi, hudhani kauziwa mafuta yaliyochakachuliwa. Hakuna aliyemweleza kwamba kuganda ni tabia ya mafuta yaliyoshiba.

Kila semina huibuka swali la Wamasai: mbona wanakunywa maziwa mengi na moyo hauwasumbui? Mwaka 1972 George Mann na wenzake walichapisha uchunguzi wa maiti za wanaume 50 wa Kimasai. Mafuta yalikuwa yamejijenga katika ateri zao, ila mishipa ilikuwa imepanuka kadiri umri ulivyosonga. Mann alihusisha jambo hilo na mazoezi ya mwili. Mkazi wa mjini anayepanda bodaboda hadi sokoni hawezi kuutumia ushahidi huo kujitetea.

Mada hii haisemi mawese ni sumu. Mawese mekundu ya Kigoma yana karotini ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, na wali wa nazi wa sikukuu si chanzo cha maradhi. Inafahamika pia kwamba bei huamua mengi, na kwamba suala la lebo linagusa taasisi zaidi ya moja. Hata hivyo, jambo hili limejadiliwa vikao vingi, likaandikwa kwenye kumbukumbu, likaahirishwa. Limeahirishwa vya kutosha.

Inapendekezwa Shirika la Viwango Tanzania, linalosimamia usalama wa chakula tangu 2019, lipime madai ya lebo za mafuta kwa kigezo cha Codex. Lebo itaje mafuta yaliyoshiba kwa Kiswahili na kwa herufi zinazosomeka. Wauza mafuta ya kupima wabandike kibao chenye jina la mafuta na kiwango cha mafuta yaliyoshiba. Mchoro wa moyo uondolewe kwenye dumu lisilostahili. Wakulima wa alizeti wawezeshwe ili bei ishuke, kwa kuwa ushauri usionunulika hauna faida.

Kliniki ziache kuanza na yai. Zianze na mafuta ya kukaangia: ni ya aina gani, vijiko vingapi, na yanarudiwa mara ngapi. Wanaotumia dawa za kushusha lehemu waelezwe wasiziache kwa kuwa wanajisikia vizuri. Na, kwa kurudia, lebo itaje mafuta yaliyoshiba.

Washiriki wanaombwa wasisubiri kanuni. Wiki hii kila mmoja aende duka analonunua mafuta, asome dumu upande wa nyuma, na alete picha ya lebo hiyo kwenye kikao kijacho.