Video ya papa fundi viatu: ile mliyoiona na ile tuliyoifuta

Wandugu, dada zetu, vijana wa Uvira,

Mumetuomba tueleze namna video ya papa fundi viatu wa Mulongwe ilifanyika. Tuanze na ile ambayo hamkuiona.

Ya kwanza tuliipiga asubuhi moja tu. Papa akitambaa mbele ya mlango wake, matope mpaka kwenye viwiko, na muziki wa kilio juu yake. Sisi wenyewe tulilia. Tulipomuonyesha kwenye simu, akanyamaza, kisha akauliza: «Mwanangu, huyu ni mimi? Watoto wangu wanasoma hapa hapa kwenye kartie.» Tukaifuta mbele ya macho yake. Haya ilitushika. Sisi wenye diploma, tunaoandika «heshima» kila siku, hatukumuomba hata ruhusa.

Kesho yake tukarudi bila kupiga picha. Akatuambia kinga yake ya magurudumu matatu imevunjika ekseli. Bila kinga hafiki soko, na siku asipofika soko, nyumbani wanalala njaa. Pesa ya bure hataki: atengenezewe, atalipa polepole. Halafu kuna ofisi anakolipia taksi yake, iko na ngazi, kila mara anabebwa kama gunia. «Taksi wanaipokea, mimi hawanipokei.»

Ile ya pili basi, yeye ndiye anasema, huku anashona soli. Dakika mbili. Chini tuliandika tu Katiba, kifungu cha 49, na sheria ya tarehe 3 Mei 2022 inayolinda haki za watu wenye ulemavu. Wengi wetu hapa hatukujua kama sheria hiyo iko! Wale Staff Benda Bilili wa Kinshasa, filamu yao ilifika Cannes mwaka 2010, nao walikuwa juu ya kinga kama hizo. Watu waliwafuata sababu ya muziki wao.

Fundi mmoja wa kuchomelea kutoka Kalundu aliiona, akaja na vyuma vyake. Ekseli imepona, na papa ameshalipa sehemu ya kwanza.

Ngazi bado. Jumatatu tunapeleka barua, papa akiwa mbele. Sahihi ya kwanza ni yake. Karatasi iko kwenye meza pale mlangoni, na kalamu ziko mbili tu, kwa hiyo msisukumane.