Mwimbaji Naye Apewe Ujira Wake

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama na wananchi, Mwika)



Twawashukuru kwa kuacha kahawa na migomba yenu mkaja kutusikiliza. Leo hatukuja kuhesabu kadi wala kuomba kura. Tumekuja kusema habari ya mwanamke anayeimba kwa riziki yake, na kabla ya kumaliza tutaungama kosa letu wenyewe.

Liko neno tunalolisikia sana njiani: "Binti wa fulani ameharibika, anaimba kwa fedha." Binti huyo huyo akiimba kanisani Jumapili, twamsifu. Akiimba arusini akataka ujira, twamwita mhuni. Koo ni lile lile, sauti ni ile ile. Mbona mwashi akilipwa haitwi mhuni? Mbona mpishi wa arusi haitwi mhuni?

Ndugu zangu, tuwape habari za Siti binti Saad. Alizaliwa yapata mwaka 1880 katika kijiji cha Fumba, Unguja, kwa wazazi wenye asili ya bara, watu wa hali ya chini kabisa. Jina alilopewa utotoni lilikuwa Mtumwa. Hakusoma shule. Kazi yake ilikuwa kuuza vyungu, akivitembeza na kuvinadi, na watu wakamjua kwa sauti kabla ya kumjua kwa sura. Mwaka 1911 alihamia mjini. Huko Muhsin Ali alimfundisha kuimba, akaingia katika kundi la wanamuziki hodari.

Wakati ule taarabu ilikuwa mali ya wakubwa. Sultani Barghash ndiye aliyeikaribisha katika jumba lake, ikaimbwa na wanaume kwa Kiarabu, lugha ambayo watu wengi wa Ng'ambo hawakuielewa. Siti aliiimba kwa Kiswahili. Alipoimba, mchukuzi alielewa, mpishi alielewa, na bwana mkubwa naye alielewa. Aliimba mapenzi, na aliimba dhuluma pia. Wimbo wake wa Kijiti ulisimulia habari ya mwanamke aliyeuawa, muuaji akatoroka, na mashahidi wanawake ndio wakaadhibiwa. Gazeti gani la siku zile lingemwambia mnyonge habari hiyo kwa lugha yake?

Wenye wivu walimtukana kwa uzazi wake na kwa sura yake. Alijibu kwa nyimbo, akaendelea na kazi. Mwaka 1928 yeye na wenzake walisafiri hadi Bombay, India, kutia sauti zao katika sahani za santuri. Sahani hizo ziliuzwa kotekote katika Afrika ya Mashariki. Siti alifariki tarehe 8 Julai 1950. Shaaban Robert, mshairi wetu mkuu, aliona maisha yake yastahili kitabu kizima, akakiandika. Muuza vyungu wa Fumba aliandikiwa kitabu kwa sababu ya kazi ya koo lake!

Na sisi wa chama tusijifanye wageni wa jambo hili. Mwaka 1955, TANU ilipoanzisha sehemu ya wanawake, aliyeiongoza alikuwa Bibi Titi Mohamed. Je, alitoka chuo gani? Alitoka katika ngoma! Alikuwa mwimbaji wa kundi la Bomba, Dar es Salaam. Vikundi vya ngoma vya wanawake vilikuwa na viongozi wao, michango yao na njia zao za kuitana. Bibi Titi alipita humo humo, na wanawake wakachukua kadi kwa maelfu. Waliodharau ngoma hawakuona jeshi lililokuwa likijipanga mbele ya macho yao.

Sasa tuseme juu ya bei, maana watu wa mlima huu hawafundishwi maana ya bei. Wazee wetu waliunda chama cha wakulima wa kahawa mwaka 1925, na mwaka 1933 ikaundwa KNCU, ili jasho la mkulima lisiuzwe kwa bei ya kutupa. Hakuna aliyesema, "Kahawa ni kipaji cha Mungu, kwa hiyo itolewe bure." Basi kwa nini twamwambia hivyo mwimbaji? Nchi yetu ina Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999, lakini sheria haiji arusini kufungua mkoba wa mwenye shughuli. Wa kuufungua ni sisi.

Na hapa ndipo kosa letu lilipo. Mwaka jana tulifanya mkutano mkubwa. Kikundi cha akina mama kiliimba tangu saa tatu asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Mwenye gari tulimlipa. Mwenye vipaza sauti tulimlipa. Waimbaji tuliwapa soda na neno la asante. Kesho yake kiongozi wao alikuja, mtoto mgongoni, akauliza ujira wao. Siku ile ya mkutano alikuwa ameacha ndizi zake sokoni bila muuzaji. Mmoja wetu akamwambia, "Mama, hiyo ni kazi ya kujitolea." Akatutazama, akasema, "Mwenye vipaza sauti naye ni mwanachama. Mbona yeye hakujitolea?"

Ndugu, tulikosa la kujibu. Hata leo hatuna.

Kwa hiyo kamati yetu imeamua mambo matatu. Kwanza, mwimbaji apatane nasi bei kabla ya shughuli, kama fundi yeyote. Pili, alipwe siku ile ile, mkononi mwake, si mkononi mwa mumewe wala kaka yake. Tatu, jina la aliyetunga wimbo litajwe mbele ya watu. Na deni la mwaka jana linalipwa leo, hapa hapa, mbele ya macho yenu. Mama yule yupo, ameketi pale mbele. Anayetaka kujitolea na ajitolee kwa hiari yake, lakini asijitolee kwa kulazimishwa na sisi tunaohubiri kwamba unyonyaji ni dhambi.

Nanyi wazazi, binti yako akisema anataka kuimba, usikimbilie fimbo. Kwanza muulize atalipwa shilingi ngapi.

Uhuru na Kazi!