Kuchoma Chipu Si Kutengeneza: Hitilafu ya Chipu ya Michoro katika Kompyuta Mpakato Zinazotumika Pemba

Mada iliyowasilishwa katika warsha ya mafundi wa kompyuta na maofisa vifaa, Chake Chake



Nimeombwa nizungumzie matengenezo ya kompyuta mpakato kwa jumla. Maana ya ubao mama, prosesa na chipu tunazijua sote, sitazikalia. Itoshe kukumbushana kwamba chipu ya michoro, ambayo mafundi tunaiita VGA, ndiyo inayotengeneza kila kinachoonekana kwenye kioo. Katika baadhi ya mashine imo ndani ya prosesa. Katika nyingine inakaa peke yake ubaoni na kutoa joto lake. Hizi za pili ndizo zinazotusumbua. Habari za virusi, betri na kibodi wamezieleza waliotangulia. Muda uliobaki naomba niutumie kwa jambo moja: kuchoma chipu, yaani kuipasha joto kwa blowa ili mashine iwake tena.

Mwalimu analeta mashine dukani. Ikiwashwa, taa zinawaka, feni inazunguka, kioo cheusi. Au nembo ya mtengenezaji inatokea imekatwakatwa na mistari ya wima kabla hata Windows haijaanza. Mistari ikija mapema hivyo, draiva haihusiki. Ukichomeka projekta na mistari ile ile ikatokea ukutani, kioo na waya wake pia havihusiki. Hapo fundi anafungua, anafunika ubao kwa karatasi ya alumini, anapaka flaksi, anapiga blowa. Mashine inawaka, mteja analipa na kushukuru. Wiki chache baadaye amerudi na mistari ile ile, analipa tena, na safari hii ubao umeanza kupinda.

Kwa nini inarudi? Chipu hii ina kijipande cha silikoni kinachong'aa, kilichokaa juu ya kibao cha kijani. Baina yao mna vinundu vya lehemu vidogo kuliko punje ya chumvi, vimejaziwa gundi ngumu pembeni. Vidonge vya lehemu tunavyovijua sisi viko chini zaidi, baina ya kibao na ubao mama. Silikoni na kibao havitanuki sawasawa. Kila mashine inapopata moto na kupoa, vinundu vya juu huvutwa huku na huku mpaka vikapata ufa. Blowa hutanua vitu vyote, ufa ukagusana kwa muda. Lehemu ya bati na risasi huyeyuka kwenye nyuzi 183 za Selsiasi. Isiyo na risasi, iliyoenea baada ya masharti ya Umoja wa Ulaya kuanza kutumika Julai 1, 2006, huyeyuka karibu na nyuzi 217. Lakini chipu nyingi hufufuka kabla joto halijafika hata nyuzi 183. Maana yake hakuna kilicholehemiwa. Hata kubadilisha vidonge vyote vya chini, kazi ngumu na ya gharama, hakuvigusi vinundu vilivyopasuka ndani.

Haya si maneno ya mitaani. Julai 2, 2008 kampuni ya NVIDIA ilitangaza kutenga dola milioni 150 hadi 200 kwa ajili ya chipu zake za kompyuta mpakato zilizokuwa zikifa kwa wingi. Ilitaja udhaifu wa malighafi za kufungia chipu, pamoja na joto la mashine na namna zinavyotumiwa. Dell XPS M1330, HP Pavilion dv6000 na MacBook Pro zenye GeForce 8600M GT ni miongoni mwa zilizoguswa. Kesi iliyofunguliwa na wanunuzi Marekani ilimalizwa kwa suluhu mwaka 2010, na mwisho wa kuwasilisha madai ukawa Machi 14, 2011. Suluhu hiyo iliwahusu walionunua Marekani. Aliyenunua mashine hiyo hiyo ikiwa mtumba, kwa njia ya Dubai, Darajani au Kariakoo, hakuwa na mlango wa kugonga. Wala si kampuni moja tu: Februari 2015 Apple ilianza kutengeneza bure MacBook Pro za 2011 zenye chipu za AMD zilizokuwa na dalili hizi hizi.

Mazingira yetu yanaongeza mzigo. Chumba hakina kiyoyozi, vumbi linaziba feni, grisi ya kupozea imekauka, na betri ya mtumba mara nyingi imeshakufa. Waya wa umeme wa chini ya bahari kutoka Tanga uliozinduliwa mwaka 2010 umetutoa kwenye majenereta ya Wesha, na tunashukuru. Hata hivyo umeme unapokatika, mashine isiyo na betri huzimika papo hapo, feni ikasimama chipu ingali ya moto. Sisemi haya kumlaumu yeyote. Ila nimeyasema katika vikao vilivyopita, yakaandikwa kwenye kumbukumbu, na mashine zinaendelea kuchomwa.

Kwa hiyo napendekeza yafuatayo. Fundi asichome chipu kabla ya kumwambia mteja, kwa maandishi, kwamba mashine inaweza kufa tena wakati wowote. Ikiwa atachoma, iwe kwa ajili ya kutoa mafaili tu, na mafaili yatolewe siku hiyo hiyo. Mashine iliyochomwa isiuzwe kama nzima; huo ni udanganyifu, na Tume ya Ushindani Halali wa Biashara iombwe ilitazame suala hili. Pale ambapo prosesa ina michoro yake, fundi ajaribu kwanza kuizima ile chipu ya pili kwenye bayosi, kwani mtumishi anayeandika barua na kujaza majedwali hataona tofauti. Anayeagiza chipu ya kubadilisha asome tarakimu nne za tarehe mgongoni: 0735 ni wiki ya 35 ya mwaka 2007, na hiyo ni ya kundi lile lile lenye ugonjwa, hata ikipakwa na kung'arishwa.

Kwa maofisa vifaa: nunueni mashine zenye michoro ndani ya prosesa, isipokuwa kazi yenyewe inadai zaidi. Betri mbovu ibadilishwe mapema. Feni isafishwe na grisi ibadilishwe kila mwaka, kabla ya masika. Narudia la kwanza kwa sababu ndilo kubwa: mteja aambiwe, kwa maandishi.

Nimeandaa mfano wa risiti yenye maelezo hayo, na nakala ziko kwa katibu. Naomba warsha hii iijadili na kuipitisha leo, kabla hatujatawanyika kurudi Wete, Mkoani na Micheweni.