Wa Kwanza Kufika Chuoni: Vyuo vya Jamii vya Marekani na Wanafunzi Wake

Chuo cha jamii cha Joliet, Illinois, kilianza mwaka 1901 kikiwa na wanafunzi sita. Leo Marekani ina vyuo vya jamii vya miaka miwili takribani 1,000, vyenye ada nafuu na masomo ya jioni, na aliyemaliza sekondari hafungiwi mlango. Ndiko wanakoanzia Walatino, Weusi, watoto wa wahamiaji na wengi ambao wazazi wao hawakusoma chuo. Walio wengi huingia wakilenga kuendelea hadi shahada ya kwanza. Wanaoipata ndani ya miaka sita hawafiki hata mmoja kati ya watano.

Kosa haliko vichwani mwao. Taratibu za vyuo hivi zimewekwa kana kwamba kila mwanafunzi ana mtu nyumbani wa kumuuliza.

Fomu ya FAFSA, ya kuomba msaada wa serikali wa kulipia masomo, inatosha kuonyesha hilo. Bila kuijaza, mwanafunzi wa kipato cha chini hapati ruzuku ya serikali iitwayo Pell, ambayo mwaka wa masomo 2024–25 ilifika hadi dola 7,395. Fomu inataka mapato na kodi za wazazi. Katika nyumba ya wakimbizi wa Kongo wanaozungumza Kiswahili, binti ndiye mkalimani: anamsomea mama maswali kwenye simu, anapekua karatasi za mshahara, anakisia palipo na utata. Akitakiwa kuleta uthibitisho zaidi, wapo wanaoishia hapo. Fomu mpya, iliyokusudiwa kupunguza usumbufu, ilitoka mwishoni mwa Desemba 2023 badala ya Oktoba, na kwa wiki nyingi ikawakwamisha wanafunzi ambao wazazi wao hawana namba ya Hifadhi ya Jamii. Huo ulikuwa uzembe wa serikali, na waliolipia ni vijana.

Kisha kuna kozi za maandalizi, zinazolipiwa lakini hazihesabiwi kwenye shahada. California ilizibana kwa sheria ya mwaka 2017.

Dawa ipo, na imepimwa. Mwaka 2007 Chuo Kikuu cha Jiji la New York kilianzisha mpango wa ASAP: pengo la ada linazibwa, vitabu na nauli ya treni vinatolewa, na mshauri ana wanafunzi wachache kiasi cha kumjua kila mmoja. Watafiti waliwagawa wanafunzi wa kipato cha chini kwa bahati nasibu katika vyuo vitatu vya jamii vya jiji hilo. Baada ya miaka mitatu, asilimia 40 ya walioingizwa kwenye mpango walikuwa wamehitimu masomo ya miaka miwili. Miongoni mwa wenzao walioachwa nje ya mpango, asilimia 22 tu. Fedha zaidi zilitumika kwa kila mwanafunzi, lakini gharama ya kumpata mhitimu mmoja ilishuka. Vyuo vitatu vya Ohio vikaiga, navyo vikavuna matokeo mazuri.

Hata hivyo, ASAP ilijengwa juu ya sharti la kusoma muda wote. Mama anayeshika zamu ya usiku na kuchukua kozi mbili kwa muhula hawezi kulitimiza, na wanafunzi wengi wa vyuo vya jamii husoma nusu muda kama yeye.