Namba ya Siri Inayotajwa kwa Sauti



Kama una simu ya Android, hebu ingia kwenye mipangilio, uwashe TalkBack, kisha ufunge macho utume pesa ya mboga. (Mtu akae karibu, manake kuizima nako si mchezo.) Simu itakusomea kila unachogusa, ukigonga mara mbili ndiyo umebonyeza. Hivyo ndivyo wenzetu wasioona wanavyotumia simu, hapa Kibera na kule Kawangware.

Wanaiweza. Kinachowakwamisha ni fundi aliyeweka vitufe vya picha bila kuvipa majina. Simu inasema "kitufe", "kitufe", "kitufe". Kipi cha kulipa, kipi cha kufuta? Mara anaambiwa athibitishe kwamba si roboti, achague picha zenye taa za barabarani. Atazichaguaje? Akijaribu zile menyu za nyota, muda unaisha simu ikiwa bado inasoma chaguo la tatu.

Tangu 2023 huduma za serikali zaidi ya 5,000 ziko eCitizen. Asiyeweza kujifungulia anaenda saiba. Pale Makina, ama 46, anamtajia kijana wa saiba namba ya kitambulisho, neno la siri, hata ile kodi ya kuthibitisha iliyoingia kwa SMS, foleni nzima ikisikia. Sisi tunaonywa kila siku tusimpe mtu pini. Yeye atafanyaje?

Na si msaada tunaouomba. Katiba ya 2010, kifungu cha 54, inampa mwenye ulemavu haki ya kufikia habari, na kutumia breli au njia nyingine inayomfaa. Tangu 2022 kuna kiwango cha Kenya, KS 2952, kinachoeleza huduma za teknolojia zitengenezwe vipi ili na yeye azitumie. Fundi akisema hajui, mtajie hiyo namba.

Lakini hata sisi tuna makosa. Tangazo la mazishi tunaliweka kama posta tupu. Asiyeona akifika hapo simu inamwambia "picha", basi, na jirani anazikwa bila yeye kujua. Ukiweka posta, hapa au kwenye WhatsApp ya mtaa, andika chini yake maneno yote: nani, wapi, saa ngapi. Na ukitengenezewa tovuti ya shule ama duka, kabla hujamaliza kulipa, mwambie fundi aitumie mbele yako akiwa amefunga macho.