DAFTARI MOJA, SIMU ZA KILA AINA

(Mada iliyotolewa na Katibu wa Kikundi siku ya maadhimisho ya miaka kumi)



Nimeambiwa nizungumzie lile daftari la kompyuta nililolitengeneza kwa ajili ya hesabu zetu, na namna ya kuligawa ili kila mmoja alione kwenye chombo chake. Baada ya chakula tutapiga kura kwa mambo mawili. La kwanza, je, daftari hilo liingie kwenye simu za wanachama na kwa vikundi jirani vilivyotuomba? La pili, je, daftari la karatasi lipumzishwe? Naomba basi mnisikilize kabla hatujanyoosha mikono.

Ndugu zangu, wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Lakini tukumbuke kwamba akina mama wa Niger, ambako mtindo huu wa vikundi vya hisa ulianza mwaka 1991 kwa msaada wa shirika la CARE, wengi wao hawakujua kusoma. Hesabu zilitamkwa mbele ya wote, na wote wakazishika kichwani. Kisha yakaja sanduku la kufuli tatu, funguo kwa watu watatu, na kitabu cha mwanachama chenye mihuri ya hisa. Vyote hivyo vina shabaha moja: kila mwenye hisa aweze kuhakiki hesabu mwenyewe, bila kumwomba mtu. Chombo kipya kikituondolea haki hiyo, hata kiwe kizuri vipi, kimeturudisha nyuma. Kwa kipimo hicho ndipo nitalipima daftari la kompyuta.

Daftari lenyewe si uchawi. Linaitwa lahajedwali, yaani ukurasa wa mistari na safu kama ule wa mhasibu, ila huu unajumlisha wenyewe. Mmarekani mmoja, Dan Bricklin, alipata wazo hilo mwaka 1978 akiwa mwanafunzi wa biashara kule Harvard, kwa kumwona mwalimu akihesabu ubaoni: tarakimu moja ikibadilika, inabidi afute na kuandika upya zote zinazoitegemea. Mwaka uliofuata yeye na mwenzake Bob Frankston wakaitoa programu ya VisiCalc. Excel na nyingine tunazotumia leo ni wajukuu wake. La kwetu lina kurasa nne: wanachama, hisa, mikopo na mfuko wa jamii. Ukiandika rejesho kwenye mikopo, salio linapungua papo hapo.

Kwenye kompyuta moja, mezani kwa katibu, kazi hiyo ni nyepesi. Ugumu unaanza pale linapotoka mezani. Humu ndani kuna mwenye simu janja mpya na mwenye simu janja ya zamani iliyojaa picha. Kuna mwalimu mwenye kishikwambi, kama vile vilivyotumika kwenye Sensa ya 2022. Kuna mwenye binti mwenye kompyuta mpakato. Na kuna wenzetu wenye vitochi, nao si wachache. Faili lilelile moja likifika kwenye vyombo hivyo, halifanyi mambo yaleyale. Nitataja manne.

Kwanza, ni habari ya nakala. Jamani, ukituma faili kwa WhatsApp hujagawa daftari moja. Umezaa madaftari mengi. Mama Amina wa mfano akilifungua na kuandika rejesho lake, ameandika kwenye nakala iliyo ndani ya simu yake. La katibu halijui. Baada ya wiki mbili kuna majibu kumi tofauti ya swali moja, na kila mmoja ana ushahidi mkononi. Ugomvi wa namna hiyo hauna mwamuzi.

Pili, ni tarehe. Sisi tunaandika siku kwanza, halafu mwezi. Wamarekani wanaanza na mwezi. Simu nyingi zinauzwa zikiwa na mpangilio wa Kimarekani na mwenye simu hana habari. Chukueni mkopo wa miezi mitatu uliotolewa tarehe 5 Mei. Mwisho wake ni tarehe 5 Agosti, nasi tunaandika 5/8. Simu yenye mpangilio ule inasoma tarehe 8 Mei! Mama hajamaliza siku tatu na pesa, tayari anahesabiwa amechelewa. Kama faini ni shilingi 1,000 kwa wiki, siku anayokuja kulipa kwa wakati, tarehe 5 Agosti, atakuta anadaiwa faini ya wiki 12, yaani shilingi 12,000, bila kosa lolote. Na chombo hakipigi kelele, kwa sababu kwake 5/8 ni tarehe halali kabisa.

Tatu, ni fedha. Tumezoea kuandika 50,000/= na mkono umekwishazoea. Lakini lahajedwali likiona alama ile ya mwisho linahesabu kwamba umeandika maneno, siyo namba. Wanawake watatu wameweka elfu hamsini hamsini, mmoja ameandikiwa 50,000/=. Jumla itatoka 100,000. Ukitazama kwa macho, safu inaonekana sawa, majina yote yapo, lakini elfu hamsini za mtu hazimo kwenye jumla. Na anayeandika 50.000 kwa nukta, kwenye vyombo vingi vya huku, ameweka shilingi hamsini.

Nne, ni fomula na vitufe. Fomula mpya hazijulikani na programu za zamani. XLOOKUP, kwa mfano, Excel ya 2016 na ya 2019 haziijui. Zikijaribu kuikokotoa zinaandika #NAME? mahali pa salio. Vile vitufe vya kubonyeza kazi ikajifanya yenyewe, vinavyoitwa makro, havifanyi kazi kabisa kwenye Excel ya simu. Mtu anabonyeza, anasubiri, anaona ni yeye hajui.

Msidhani haya ni mambo ya sisi wadogo tu. Mwaka 2020, wakati wa korona, mamlaka ya afya ya umma ya Uingereza ilipitisha majibu ya vipimo kwenye mtindo wa zamani wa faili la Excel, ambao mwisho wake ni mistari 65,536. Mtindo mpya unabeba zaidi ya milioni moja. Yaliyozidi yakaachwa nje kimyakimya. Wagonjwa 15,841 hawakuingia kwenye hesabu za siku zao, kati ya tarehe 25 Septemba na 2 Oktoba, na watu waliokutana nao wakachelewa kutafutwa. Kama nchi yenye wataalamu wote wale ilipitwa na jambo hilo, sisi tuna kila sababu ya kuwa waangalifu.

Sasa, tufanyeje? Tuache? Hapana. Haya ndiyo ninayoyapendekeza.

Daftari liwe moja tu, likae mahali pamoja kwenye intaneti, na waandishi wawe wawili: Katibu na Mweka Hazina. Kamati ya ukaguzi ifungue kutazama tu, isiweze kubadili. Hifadhi za namna hiyo, kama Google Sheets, hutunza pia kumbukumbu ya nani kabadili nini na saa ngapi. Hapo tunapata kitu kinachofanana na kufuli zetu tatu: hakuna anayebadili peke yake bila wengine kujua.

Daftari lenyewe limeundwa kwa kukifuata chombo cha chini kabisa. Halina makro. Fomula zake ni zile za zamani zinazojulikana kila mahali: kujumlisha, "kama ni hivi basi vile", na kutafuta jina. Tarehe imegawanywa katika safu tatu, siku, mwezi na mwaka, halafu fomula inaziunganisha; hapo simu ya Kimarekani na ya Kiswahili zinasema jambo moja. Seli za fedha zinakubali namba tupu tu, bila nukta wala ile /= yetu. Ila nawaonya wenzangu waandishi: ukinakili kitu mahali pengine ukakibandika, unaweza kulipita sharti hilo. Basi tuandike kwa kidole, tusibandike.

Kuna ukurasa wa tano, wa majaribio. Humo wamo wanachama wa kubuni ambao majibu yao tunayajua kabla. Kila chombo kipya kifungue ukurasa huo kwanza. Majibu yakilingana, karibu. Yasipolingana, chombo hicho kisitumike kuandika hata kama ni cha bei mbaya.

Naja kwa wenzetu wa vitochi. Tukisema "kila mtu ataona kwenye simu", hawa tumewatoa nje ya mlango, na wengi wao ndio waanzilishi wa kikundi hiki. Ujumbe mfupi wa simu hubeba herufi 160, na hizo zinatosha: "Hisa 40. Akiba 200,000. Deni 120,000. Rejesho lijalo 5 Agosti." Lahajedwali linaweza kuuandaa ujumbe huo kwa kila jina, Mweka Hazina akautuma jioni ya mkutano. Asiyesoma vizuri atasomewa na mtu anayemwamini, akaulinganisha na mihuri ya kitabu chake. Gharama ya ujumbe itoke kwenye mfuko wa uendeshaji, asidaiwe mtu.

Halafu kuna siri. Jumla za kikundi ni mali ya wote, zisomwe kwa sauti. Lakini deni la mtu, namba yake ya simu, na jina la mdhamini wake visizunguke kwenye magrupu. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Na hata kama sheria isingekuwepo, utu upo. Mtu asije akategemea ile nywila ya kuzuia seli kuandikwa. Kazi yake ni kuzuia kidole kuteleza. Mtu mwenye nia mbaya haimzuii.

Kwa vikundi jirani, jibu langu ni ndiyo, tuwape, tena bure. Sisi nasi tulifundishwa bure. Lakini wapewe daftari tupu pamoja na ukurasa wa majaribio, kamwe lisitoke lenye majina yetu. Aende mwenzetu mmoja akae nao mkutano mmoja au miwili, kwa sababu riba yao siyo yetu na faini zao siyo zetu. Faili bila mtu wa kuelekeza linakuwa mzigo.

La mwisho ni daftari la karatasi. Nasikia sauti zinazosema limezeeka, lipumzike. Mimi niliyelitengeneza la kompyuta nawaomba: msilipumzishe. Umeme ukikatika linasomeka. Bando likiisha linasomeka. Mama wa miaka sabini analishika, anaweka kidole kwenye jina lake, anatia saini. Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, vikundi kama chetu vinasajiliwa na vina wajibu mbele ya serikali. Siku ya kuulizwa, saini ya mtu kwenye karatasi ni jibu ambalo simu haiwezi kulitoa. Utaratibu uwe huu: tunaandika kwenye karatasi mbele ya wote, Katibu anaingiza kwenye kompyuta siku ileile, na jumla mbili zinasomwa mkutano unaofuata. Zikitofautiana, kazi inasimama mpaka ijulikane kwa nini, na karatasi ndiyo yenye neno.

Ni kazi maradufu, najua. Inachukua kama nusu saa. Lakini fedha iliyomo sandukuni ni ada za shule, ni mitaji ya vitumbua na mitumba, ni nauli ya kwenda hospitali usiku. Kwa miaka kumi mtu akiuliza "changu ni kiasi gani?" amejibiwa, na jibu limekuwa moja kwa aliyesoma na asiyesoma. Kura zenu za leo ziilinde hali hiyo.

Mwenye swali aniulize sasa, au anifuate pale mezani. Nimekuja na daftari zote mbili, na simu yoyote mtakayonipa tutaijaribu pamoja.