Kabla ya Safari, Jua Karatasi Zako Zilipo



Leo tuna jambo dogo la kuzungumza, lakini linasumbua nyumba nyingi. Jambo lenyewe ni karatasi muhimu kutoonekana nyumbani, tena usiku wa kuamkia safari.

Tuchukue mfano. Mama mmoja anakaa Ukerewe. Mtoto wake anaumwa, na zahanati imempa barua ya rufaa kwenda Hospitali ya Bugando, Mwanza. Meli inaondoka Nansio asubuhi. Nauli imepatikana kwa kuuza mihogo. Saa nne usiku barua haionekani, wala kadi ya kliniki ya mtoto. Baba anamlaumu mama. Mama anawalaumu watoto. Nguo zote zimemwagwa chini. Inafika saa nane za usiku, nyumba imevurugika, na barua bado haijaonekana.

Je, karatasi hizo zina kazi gani? Barua ya rufaa inamweleza daktari mtoto anaumwa nini na amekwisha kupewa dawa gani. Kadi ya kliniki inaonyesha uzito wake na chanjo alizopata. Kwa mfano, chanjo ya surua na rubela hutolewa mtoto akiwa na miezi 9, tena akiwa na miezi 18. Mzazi anaweza kusahau tarehe. Kadi haisahau.

Haya, tutafute namna gani?

Kwanza, tuache lawama. Mtu anayelaumiwa huogopa, na akiogopa hakumbuki vizuri. Mtoto aliyechukua karatasi kuchezea hatasema kitu kama ameona fimbo.

Pili, tuulizane kwa utulivu. Mara ya mwisho karatasi hii ilitumika lini? Nani aliishika? Siku hiyo alibeba mkoba gani, alivaa nguo gani? Mara nyingi karatasi haijapotea. Imo katika mfuko wa koti lililovaliwa siku ile, au imefungwa pamoja na khanga.

Tatu, tuanze mahali pake pa kawaida. Tutoe kitu kimoja kimoja, tusimwage vyote. Karatasi ni nyembamba. Hujificha ndani ya daftari, hushikana na karatasi nyingine, au huanguka nyuma ya sanduku. Tufungue kila bahasha na kukung'uta kila daftari.

Nne, tugawane kazi. Huyu chumba hiki, yule chumba kile. Kila mtu aanze kona moja mpaka amalize kona zote. Tutumie tochi, maana kibatari hakimuliki uvunguni, tena kinaweza kuunguza.

Na isipoonekana je? Hapa tuseme wazi. Mgonjwa asibaki nyumbani kwa sababu ya karatasi. Kama zahanati iko karibu na muda upo, mwombeni mganga aandike barua nyingine, kwa kuwa jina la mgonjwa limo katika rejista yake. Kama hali ni mbaya, safirini. Mkifika, waelezeni wauguzi ukweli wote, na kama mna mabaki ya dawa alizokunywa, wapelekeeni wazione. Karatasi inaweza kuandikwa tena. Uhai hauandikwi mara ya pili.

Sasa tuje kwenye kinga. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi tuliojifunza kusoma na kuandika tunayo dawa ya jambo hili. Dawa hiyo ni daftari la nyumba. Chukua daftari, piga mistari, pata safu nne. Safu ya kwanza andika jina la karatasi. Ya pili, ni ya nani. Ya tatu, namba yake. Ya nne, iko wapi. Mtu akiitoa karatasi, aandike tarehe na jina lake. Akiirudisha, aweke alama.

Namba zina faida kubwa. Kitambulisho cha taifa cha Tanzania kina namba yenye tarakimu 20. Tarakimu 8 za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Kitambulisho kikipotea, toa taarifa polisi, kisha nenda ofisi ya NIDA ya wilaya yako. Ukiwa na namba mkononi kazi inakuwa nyepesi. Lakini namba hiyo usimpe kila anayeiomba. Wapo matapeli.

Karatasi zenyewe tuziweke pamoja, ndani ya kopo lenye mfuniko, mbali na jiko na mahali panapovuja. Panya, mchwa na mvua havijui cheti wala barua. Tutoe vivuli vya vyeti na kuviweka kwa ndugu tunayemwamini. Kama nyumbani ipo simu yenye kamera, tupige picha pia.

Kuna neno moja zaidi, na akina baba mtuwie radhi. Katika madarasa yetu akina mama wengi hutwambia kwamba ufunguo wa sanduku anao baba peke yake. Baba akiwa ziwani anavua, mtoto akazidiwa usiku, mama afanye nini? Avunje sanduku? Karatasi za nyumba ni za nyumba nzima. Baba na mama wote wajue kopo liko wapi, na mtoto mkubwa anayeaminika ajue pia.

Mwaka 1970 Tanzania iliufanya kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Shabaha ilikuwa kwamba kisomo kitumike katika maisha, kisiishie ubaoni. Basi tukitumie.

Kazi ya wiki hii ni hii. Kaeni pamoja jioni moja, baba, mama na watoto. Toeni karatasi zote, zisomeni moja moja kwa sauti, ziandikeni daftarini. Mkigundua iliyokosekana, anzeni kuitafuta sasa, kungali mchana na hakuna mgonjwa. Na mtu akiwa na safari, aangalie karatasi zake siku mbili kabla, si usiku ule wa kuamkia.